Mashine Tuliyoichagua Bukoba

Mwaka wa tatu wa kazi yangu ya unesi nilikuwa nimechoka kuliko mama yangu, ambaye alikuwa amezaa watoto tisa na kulima kibanja chake cha migomba miaka yote. Nilipokwenda likizo nyumbani Izimbya alinitazama kutoka mlangoni, akasema kwa Kihaya kwamba serikali ilichukua binti yake na kumrudishia mtu mwingine. Nililala siku mbili, nikala ndizi, nikalala tena, kisha nikapanda basi kurudi ziwani.

Zahanati yangu ilikuwa kando ya maji, upande wa Muleba, chini kabisa ya genge. Juu ya genge ndiko kulikokuwa na migomba, kahawa, barabara, kanisa na shule. Chini tulikuwa sisi: zahanati ya vyumba vitatu, nyumba za wavuvi, na kijiji kipya cha ujamaa kilichokuwa bado kinanuka miti mibichi. Mimi ni mtoto wa migombani. Uhuru ulinikuta darasa la nne, nikaimba na wenzangu uwanjani, na katika nyimbo zote tulizoimba hakuna hata mmoja ulioniambia kwamba nchi hii huru ingenipeleka siku moja kufanya kazi ndani ya mtumbwi. Kabla ya kupangiwa kituo kile sikuwahi kukanyaga chombo cha majini. Kuogelea sijui mpaka leo.

Mara mbili kwa mwezi tulivuka kwenda Bumbire kupima wajawazito na kuchanja watoto. Mtumbwi ulikuwa wa zahanati, wa mbao, mrefu, umekatwa nyuma badala ya kuchongoka, na ubao wake wa nyuma ulikuwa mrefu kuliko wa mitumbwi ya wavuvi. Wapiga kasia walikuwa wanne. Wawili walikuwa ndugu, watu wanene wa mabega waliokuwa wakibishana kuanzia pwani hadi pwani. Wengine wawili walikuwa wakimya. Aliyeshika usukani tulimwita Nahodha. Alikuwa na umri wa baba yangu, mwembamba, mwenye vidonda vya tumbo, na kila safari alinieleza jinsi tumbo lilivyomsumbua jana yake. Nilimpa dawa, akazikosoa.

Tuliondoka alfajiri, upepo wa nchi kavu ukitusukuma, tukafika kisiwani jua likiwa limepanda sana. Adui yetu hakuwa umbali bali barafu. Chanjo zilikaa kwenye friji la mafuta ya taa pale zahanati, na siku ya safari nilizipanga ndani ya sanduku lenye vipande vya barafu. Kwa makasia, mwendo wa saa nne na nusu, barafu ilikuwa maji. Siku moja tulichelewa kwa sababu ya ukungu, na nilipofungua sanduku mbele ya akina mama waliopanga foleni tangu asubuhi, chupa zote zilikuwa vuguvugu. Niliwaambia warudi nyumbani. Mama mmoja alikuwa ametembea kutoka upande wa pili wa kisiwa na mapacha, mmoja mgongoni na mmoja kifuani. Hakunitukana. Aliuliza tu, "Sasa ninyi mmekuja kufanya nini?" Niliandika barua kwa wakubwa wangu usiku ule ule, na baada ya miezi mingi wakanijibu.

Jibu lilikuwa la kushangaza. Mashine za mitumbwi zilikuwa zimeletwa mkoani kama msaada, na vituo vya ziwani viliruhusiwa kuchagua moja moja. Nifike Bukoba, nichague, nitie sahihi. Nije na mtu anayekijua chombo.

Mwenyekiti wa kijiji aliitisha mkutano ingawa mashine haikuwa ya kijiji. Alisema uhuru bila maendeleo ni ngoma bila ngozi, akasema mengi mengine, na mwisho watu wote wakakubaliana juu ya jambo moja: nilete kubwa kuliko zote. Wapiga kasia wanne walikaa nyuma kwenye majani. Hawakusema neno. Niliwaona, lakini nilidhani wamechoka kama mimi.

Nahodha alikuja kwangu asubuhi ya safari na unyasi mrefu, kama unyasi wa kuezekea ila mgumu zaidi, aliokuwa ameukata kwa kisu sehemu mbili.

"Tata, huo ni wa nini?" nikamuuliza, nikimwita baba kwa Kihaya.

"Ni mtumbwi," akasema. "Kutoka hapa mpaka hapa ni ubao wa nyuma, juu mpaka chini. Halafu vidole vinne. Panga la mashine, lile linalozunguka, lazima lifike kwenye hivi vidole vinne. Lisipofika, litakuwa linakata hewa."

Nilikuwa nafunga mzigo. Nikasema sawa.

Tulipanda genge kwa miguu, tukangoja basi Muleba hadi saa nane, na tulipofika Bukoba ofisi zilikuwa zimefungwa. Mimi nililala kwa shangazi yangu, Nahodha alikwenda kwa mtu wa kwao aliyekuwa anauza samaki wa kukaushwa. Kesho yake afisa tuliyetakiwa kumwona alikuwa kwenye kikao. Tulikaa kwenye benchi la varanda. Nahodha aliweka unyasi wake baina ya magoti na kila aliyepita aliuangalia. Saa tisa tukaambiwa kikao kitaendelea kesho. Siku ya tatu afisa alikuwapo, lakini fomu zilikuwa zimeisha, mpaka karani akaenda kuazima katika ofisi nyingine. Nilikuwa na viatu vibaya. Miguu ilikuwa imevimba, na shangazi alikuwa ameshaanza kuniuliza nitaondoka lini, kwa upole, kama watu wanavyouliza wakati chakula ni kidogo.

Afisa alikuwa kijana mwenye suti ya mikono mifupi, mchangamfu, mwenye haraka. Alituchukua mwenyewe hadi ghalani karibu na bandari. Mwenye ghala alikuwa mzee wa Kiislamu wa mjini pale, kofia safi kichwani, na Kiswahili chake kilinifanya nione aibu ya changu. Alitukaribisha kama watu waliofika nyumbani kwake, akaomba radhi kwa vumbi.

Mashine zilikuwa zimefungwa kwenye fremu za mbao. Zilikuwa zimebaki za aina tatu. Kulikuwa na kubwa mbili za nguvu za farasi ishirini na tano, nyeusi, ambazo mwenye ghala alisema huinuliwa na watu wawili wenye afya. Kulikuwa na moja ya farasi kumi, ya buluu, inang'aa kama baiskeli mpya. Na pembeni, rangi yake imechubuka safarini, kulikuwa na moja ya farasi sita.

Nahodha hakusikiliza habari za farasi. Alichuchumaa na unyasi wake, akapima ile kubwa kutoka mahali inaponing'inia hadi kwenye panga. Ilifika. Kisha akajaribu kuinyanyua upande mmoja, akaiacha.

"Hii itakalisha mtumbwi matako chini," akasema. "Pua itatazama mbinguni."

Akapima ya buluu. Panga liliishia kwenye alama ya kwanza ya unyasi na vidole vinne vyote vikabaki chini, hewani. Akapima tena, taratibu, kana kwamba unyasi ungeweza kubadili mawazo. Akaenda kwa ile ya farasi sita. Panga lilikaa sawasawa kwenye alama ya pili.

"Hii ndiyo yetu," akasema.

Afisa alicheka. Hakucheka kwa ubaya. "Sita? Mzee wangu, mmetoka Muleba mpaka hapa kuchukua cherehani? Chukueni hii ya kumi. Nyepesi, ina nguvu, saa moja mko Bumbire."

"Mguu wake mfupi, waitu," Nahodha akasema, kwa heshima ya Kihaya.

"Basi fundi akate ubao wa nyuma, ushuke."

"Ubao ule ulifanywa mrefu kwa sababu," Nahodha akasema. "Jioni mawimbi yanatufuata nyuma. Nikiukata, yataingia ndani na kukaa na mgonjwa."

Afisa akanigeukia. "Ndugu muuguzi, wewe ndiye mwenye kituo. Unasemaje?"

Mwenye ghala naye alinitazama. Alisema jambo moja tu, kwa sauti ya chini, kama mtu asiyetaka kuingilia: "Binti yangu, fundi wa cherehani na mwenye nguo wamsikilize mwenye mwili wa kuivaa." Nilimwelewa vizuri. Siwezi kusema sikumwelewa.

Lakini nilikuwa nafikiria barafu. Nilikuwa nafikiria saa moja badala ya nne na nusu. Nilikuwa nafikiria pia basi la saa saba, ambalo likitupita tungelala tena Bukoba, na uso wa shangazi, na miguu yangu. Na nitasema yote: nilifikiria uso wa mwenyekiti wangu nikirudi na mashine ndogo kuliko zote, iliyochubuka rangi. Afisa hakunilazimisha. Kwa miaka mingi nimewaambia watu kwamba alinilazimisha, lakini sivyo ilivyokuwa.

"Tutachukua ya kumi," nikasema.

Nahodha aliuegemeza unyasi wake ukutani. "Wewe ndiye unayeandika," akasema, na nikaandika.

Ndani ya basi hakuniambia habari za tumbo lake. Muleba wapiga kasia walikuwa wanatungoja. Waliifunga mashine kwenye mti mrefu, wakaiteremsha genge begani kama tulivyokuwa tukipandisha wagonjwa. Wale ndugu wawili walibishana njia nzima juu ya nani anabeba upande mzito. Nyumbani kijiji kizima kilitoka. Mwenyekiti aliigusa kwa kiganja akasema, "Hii ni mashine."

Na safari ya kwanza ilikuwa raha, lazima niseme. Ziwa lilikuwa limelala kama mafuta kwenye sahani. Nahodha alivuta kamba mara tatu, mashine ikakohoa, ikashika. Upepo ulinipiga usoni. Tulifika Bumbire kabla ya saa mbili asubuhi, na nilipofungua sanduku, vipande vya barafu vilikuwa bado na pembe zake. Nilikiweka kimoja mdomoni mbele ya akina mama wote. Walicheka, nami nikacheka, na sikumbuki mara nyingine nilipocheka kazini mwaka ule.

Kurudi, kwenye mawimbi madogo, niliisikia mara moja mashine ikipandisha sauti ghafla na kushuka. Nilimtazama Nahodha. Alikuwa anatazama mbele.

Baada ya safari mbili mwenyekiti alisema mtumbwi wenye mashine hauhitaji watu wanne. Wale ndugu wawili walipelekwa shamba la pamoja, kulima mihogo. Posho yao ya safari ilikatwa. Walikuja kuniaga ingawa hawakuwa wanakwenda mbali. Shamba lilionekana kutoka dirishani kwangu. Mkubwa akasema, "Basi, Nesi, utaenda haraka sasa." Mdogo hakumbishia. Hapo ndipo nilipoelewa ukimya wao siku ile ya mkutano. Nilipaswa kusema kitu kwa mwenyekiti. Nilijiambia nitasema wiki ijayo.

Safari ya nne ilituchukua katikati ya wiki, si siku yetu ya kawaida. Mvuvi alileta habari kwamba huko kisiwani kuna mama amekuwa kwenye uchungu siku mbili. Tulikwenda mara moja. Nilimkuta kwenye nyumba ya mama mkwe wake, mtoto amekaa vibaya, naye amechoka mno hata hapigi kelele. Alikuwa wa umri wangu. Nilijua alihitaji kupasuliwa, na hospitali ya misheni iko juu ya genge, ng'ambo.

Ilikuwa saa saba mchana, na upepo wa ziwani ulikuwa umeshaamka. Nahodha alisimama ufukweni akitazama maji yaliyoanza kuvunjika meupe.

"Kwa makasia," akasema, "nisingeondoka mpaka jioni upepo ulale."

"Lakini tuna mashine," nikasema.

"Tuna mashine," akakubali.

"Akingoja mpaka jioni atakufa, Tata."

Aliinua mabega, akaenda kuchanganya petroli na oili. Tulimlaza mama katikati juu ya mikeka, mama mkwe akamshika kichwa, mimi nikakaa miguuni. Wapiga kasia wawili wale wakimya walikaa mbele.

Nusu ya kwanza tulikwenda vizuri, kwa sababu kisiwa kilitukinga. Tulipotoka kwenye kivuli chake, mawimbi yalianza kutufuata, makubwa, yanayonyanyua nyuma ya mtumbwi kama mtu anayeinua kiti ili afagie. Kila nyuma ilipoinuka, panga lilitoka majini na mashine ikapiga ukelele. Sijasikia sauti kama ile tena. Nyuma iliposhuka, panga lilizama kwa kishindo, mtumbwi ukatikisika wote, na yule mama akaguna. Nahodha alijaribu kila namna. Alipunguza mwendo, mawimbi yakatupita na kutaka kutugeuza ubavu. Aliongeza, ukelele ukazidi. Aliwaambia wapiga kasia waje nyuma waongeze uzito; maji yakaingia huko huko.

Kisha kitu kikakatika ndani. Mashine iliendelea kuunguruma, lakini panga halikuzunguka. Ni pini ndogo, ndogo kuliko kidole changu cha mwisho, inayolishikilia panga. Nahodha alikuwa na nyingine mfukoni, lakini kuibadili ilikuwa lazima mtu aning'inie nyuma, mikono majini, mtumbwi ukiwa umetulia. Alijaribu. Wimbi lilimpiga uso, na pini ikaondoka na maji.

"Makasia," akasema.

Makasia yalikuwa manne, watu wawili. Nahodha akachukua la tatu na kupigia huku akiongoza. La nne lilikuwa karibu na mguu wangu. Nilimwambia mama mkwe amshike mgonjwa mkono na aniambie akibadilika, nikalichukua. Sikujua kulishika. Mmoja wa wale wakimya aligeuka akanipangia mikono, wa kushoto hapa, wa kulia hapa, akasema, "Usivute kwa mikono, Nesi. Vuta kwa tumbo." Hiyo ndiyo hotuba ndefu kuliko zote nilizowahi kusikia kutoka kwake.

Tulivuta mchana wote. Ngozi ya viganja ilitoka mapema, na baada ya hapo haikuuma sana. Niliwafikiria wale ndugu wawili kwenye mihogo, mabega yao, na jinsi wangekuwa wanabishana, na jinsi ambavyo tungekuwa tumefika. Mama mkwe alikuwa anasali rozari kwa sauti ndogo, na baadaye akaacha. Jua lilikuwa linazama nyuma ya genge tulipoingia kwenye maji tulivu. Watu walituona kutoka mbali, wakatuma kijana akimbie misheni. Wale ndugu waliingia majini hadi kiunoni kutupokea. Wao ndio walioibeba machela hadi juu, bila kupumzika, na huko gari la misheni lilikuwa linangoja.

Mama alipona. Mtoto alitolewa akiwa amekufa. Alikuwa wa kiume.

Daktari, mzungu mmoja mzee aliyesema Kihaya bora kuliko Kiswahili, aliniambia kwamba mtoto huenda alishakufa kabla hatujaondoka kisiwani. Alisema hivyo akinifunga viganja vyangu bandeji. Sijui kama alisema kwa sababu ni kweli au kwa sababu alikuwa mtu mwema. Nimekaa na ile "huenda" miaka mingi, na bado sijui niiweke wapi.

Nilimngojea Nahodha anilaumu. Nilipita karibu na mtumbwi makusudi kila asubuhi wiki ile, ili apate nafasi. Alinieleza habari za tumbo lake. Siku ya tano sikuvumilia.

"Tata, kwa nini husemi?"

"Niseme nini?"

"Kwamba uliniambia."

Aliendelea kuzibua tundu la oili kwa waya. "Nilikuambia, na ulisikia," akasema. "Na siku ile kisiwani ningeweza kukataa kuwasha. Nami nilitaka kujaribu. Ukifika mahali mashine iko, mtu anataka kujaribu. Nipe waya ule mwingine."

Nilirudi Bukoba kuomba tubadilishiwe. Safari hii nilipita ofisini siku moja tu, labda kwa sababu ya bandeji. Mwenye ghala alinikumbuka. Alinivutia kiti, akanipa chai, akaniambia ile ya farasi sita ilichukuliwa wiki moja baada yetu na kituo cha kisiwa kingine. Hakukuwa na nyingine, na hakujua kama zitakuja. Nilimweleza yote. Sikujua kwa nini namweleza yeye, mtu niliyemwona mara moja. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema Mwenyezi Mungu amrehemu mtoto na ampe mama subira, na akaniuliza kama viganja vinaniuma. Nikasema vinaniuma. Nililia pale ghalani, kati ya magunia na mapipa, naye akatoka nje akasimama mlangoni ili mtu asiingie.

Basi tukabaki na ya kumi. Nahodha na fundi wa mbao wa kijijini walitafakari wiki mbili. Waliukata ubao wa nyuma ukashuka vidole vinne vizima, panga likazama inavyopaswa. Kisha mbele yake, ndani ya mtumbwi, wakajenga ukuta wa pili mrefu, na katikati ya kuta hizo wakaacha matundu, ili wimbi likiingia pale lipate njia ya kutoka kabla ya kufika kwetu. Pale palionekana kama zizi la mbuzi mmoja. Lakini lilifanya kazi. Mawimbi ya jioni yalikuja, yakamwagika ndani ya zizi, yakatoka, na mashine haikupiga ukelele tena.

Habari ya wale ndugu ilinichukua muda zaidi. Nilisimama kwenye mkutano wa kijiji, mara yangu ya kwanza kusimama mbele ya watu wazima na kuwapinga, nikasema zahanati haivuki tena bila makasia manne na watu wanne. Mwenyekiti aliuliza, sasa mashine ni ya nini? Nikasema mashine ni ya kwenda na watu ni wa kurudi. Watu walicheka. Sikukaa chini. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba sikuweza hata kuona haya, na nadhani ndilo lililonisaidia. Baada ya mikutano miwili walirudishwa, mihogo ikapewa watu wengine, na tukawa tunavuka na mashine pamoja na watu wanne waliokaa wakibishana bila kazi. Watu wa vijiji vya jirani walisema zahanati ile inaibeba mashine yake kama bibi harusi.

Hawakucheka muda mrefu. Petroli ikawa adimu. Kwanza tulipata debe kwa mwezi, kisha kwa miezi miwili, kisha barua ya kutuambia tusubiri. Mashine ilifunikwa kwa gunia kwenye chumba cha dawa, karibu na mizani ya watoto, na tukarudi kwenye saa nne na nusu zetu. Nilipanga barafu mara mbili zaidi, nikaifunika kwa maranda ya mbao kama fundi alivyonishauri, na chupa zikawa zinafika zikiwa baridi mara nyingi, si mara zote. Ningeweza kufunika barafu kwa maranda tangu mwanzo. Hakuna aliyenieleza, nami sikuwa nimeuliza.

Mama yule wa Bumbire alizaa tena baada ya mwaka na nusu, kwa upasuaji, msichana. Alivuka mapema, mwezi mzima kabla ya siku zake, akakaa kwa ndugu zake juu ya genge. Hakuja zahanati kwangu, alipita. Nilimwona akipanda njia na mzigo kichwani, akasimama, akanipungia mkono. Nikampungia.

Mwaka uliofuata nilihamishwa Kimwani, kwenye nchi kavu, mashamba tupu kila upande. Nahodha alinivusha hadi gati la karibu na barabara, akanishushia sanduku langu, akaniambia dawa za tumbo za nesi mpya zitakuwa bora. Nilikubaliana naye.

Kimwani watu walikuwa wanataka pampu ya maji kwa ajili ya shamba la kijiji. Sijui nani aliwaambia kwamba nesi aliyehamia aliwahi kwenda Bukoba kuchagua mashine. Katibu wa kijiji alinifuata hadi kliniki, mama mmoja akiwa bado kwenye mizani, akasema kamati imenipendekeza niende. Nilimwambia sijui chochote kuhusu pampu. Akasema hakuna anayejua. Nilimwomba atafute mtu mwingine. Akarudi baada ya siku mbili na jina langu likiwa limeandikwa tayari.

Nikaenda Bukoba, pamoja na mkulima mmoja aliyelijua lile shamba na mfereji wake. Tulikaa kwenye benchi siku moja na nusu. Hatimaye karani akatoka, akasema pampu hazijafika na hajui zitafika lini. Mwenzangu alikasirika, akataka tumwone mkubwa. Mimi niliinuka, nikiwa nimefarijika kwamba safari hii sikuwa na cha kuandika, nikachukua mkoba wangu, nikamwambia tukiharakisha tutalipata basi la saa saba.